Mtaa Wetu Haujahamwa

Nyumba ya Kona, chumba cha mbele,
Nyuma ya kiwanda cha nguo.
Jumapili, mchana.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, miwani usoni na goti limetulia. Mkaza-mjomba aliniambia kwamba siku hizi unaligombeza goti hilo kama mtoto mtukutu. Lipake dawa, Mjomba, halisikii matusi. Na yeye je, kikohozi cha baridi ya huko kimemwacha? Watoto wote huko hawajambo? Mwambie kitinda mimba wenu kwamba picha aliyotuma nimeibandika ukutani, na kila mgeni huuliza kama ni mwanangu. Mimi sikatai.

Huku tu wazima, ila usingizi. Mtoto wetu mdogo, Meneja, ameota jino jingine na anataka nyumba nzima ipate taarifa. Ndiyo, jina limemganda. Tulimwita hivyo kwa utani kwa kuwa akiamka hakuna anayekaa bure, na sasa hata mkunga akipita huuliza, "Meneja yuko ofisini?" Dada yake ameanza kusoma na anasoma chochote chenye herufi, mpaka maandishi ya kwenye gunia la unga. Baba yao bado yuko na tanuri lake la mikate. Huondoka giza likiingia, hurudi kunapokucha, tunapishana mlangoni kama walinzi wanaopokezana zamu. Nimechoka, sikufichi. Ila kuchoka si kushindwa, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Ujumbe wako nimeupata. Aliyeuleta ni mwenyekiti wetu wa mtaa. Alisimama mlangoni kwangu akausoma kwenye simu yake kwa sauti ya mnada, majirani wote masikio wazi: kwamba wewe mwenye nyumba umekwisha kubali, kwamba kuanzia kesho Jumatatu chumba cha mbele kiwe kitupu mpaka watu wa filamu wamalize, kwamba vitanda vya watoto viachwe humo humo, na kwamba mimi nisikuaibishe. Nilikupigia. Ukaniambia, "Mambo haya yamekwisha, mama," ukakata. Simu ina tabia ya kukata maneno katikati, na wewe, uniwie radhi, mmefanana. Barua haikatiki.

Najua itakapokufikia hiyo Jumatatu itakuwa imeshapita. Siandiki kuomba ruhusa. Naandika ili usikie kwangu mimi, usisikie kwa mwenyekiti, kwamba nimekataa.

Sasa nikueleze walivyokuja, maana ulisimuliwa na mtu mwenye haraka. Walianza kuonekana wanaume wenye kofia, wakitembea polepole katikati ya barabara huku wameunganisha vidole mbele ya macho kama dirisha. Tukadhani ni watu wa maji. Tukawapeleka mpaka pale bomba linapovuja, wakalipiga picha, wakafurahi sana. Hapo ndipo tulipaswa kushtuka. Mtu anayefurahia bomba bovu hakuja kulitengeneza.

Kumbe wamezunguka miji mingi wakitafuta mtaa wa kufanyia filamu yao. Hadithi yenyewe ni ya mji ulioingiwa na maradhi, watu wakakimbia kwa siku moja, kisha baba mmoja anarudi kumtafuta mwanawe. Walipouona mtaa wetu, na kuta zilizobanduka rangi na mabati yenye kutu, wakasema ndio huu. Mwenyekiti alituita mkutanoni akatuambia tumechaguliwa. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, sisemi uongo. Fundi cherehani wa mlango wa pili alianza kupiga pasi shati kila asubuhi, akisema kamera haina miadi.

Makofi yalipoa waliposhusha kibao cha fundi huyo na kukipaka kioo chake masizi. Alisimama nje akijitazama mle kiooni asijione. Akaniambia, "Jirani, mimi nimekwisha kufa, na suruali za watu ninazo."

Kuna mmoja kati yao kazi yake ni kuchafua. Sikutanii, Mjomba, mtu analipwa kwa kuchafua. Sisi tulimwita Fundi Uchafu, na alipolisikia jina alicheka akakubali. Alileta vumbi kwa lori, akalimwaga barabarani, akalichota kwa ungo na kulinyunyiza mahali pake. Akaweka majani makavu, moja hapa, moja kule, anarudi nyuma anatazama, anasogea analigeuza. Kiatu cha mtoto kilicholala ubavu. Magazeti yaliyolowa. Siku nzima mtu mzima amepiga magoti akipanga takataka kama anayetandika kitanda cha bibi harusi. Jioni akaenda zake.

Wewe unatujua wanawake wa mtaa huu. Asubuhi kunapopambazuka fagio liko mkononi kabla jicho halijafunguka vizuri. Nilianza upande wangu, mke wa fundi akaanza wake, mwingine akaja na ndoo ya maji. Hakuna aliyefikiri. Aliporudi Fundi Uchafu alikuta barabara inang'aa, majani yametiwa kwenye pipa, na kile kiatu tumekiosha na kukiweka dirishani ili mwenyewe akione. Alikaa kwenye ngazi akashika kichwa. Nikampa chai. Akanywa, kisha akasema, kwa upole kabisa, "Mama, ule ulikuwa mji uliohamwa." Nikamwambia, "Pole, baba. Sisi hatujahama."

Tulicheka siku ile, na yeye alicheka. Nakusimulia ujue kwamba sina ugomvi na watu hawa. Ni watu wa kazi kama sisi. Ila neno lile lilinitoka kwa mzaha, na tangu hapo nimekuwa nikilirudia bila mzaha.

Unajua kwamba nalea watoto wa wenzangu, lakini nadhani hujui inavyokuwa. Kina mama wa kiwandani huwaleta kabla king'ora cha zamu hakijalia. Baba Meneja ndiye aliyetengeneza vitanda, kwa mbao za makreti ya kiwanda, akazipiga msasa mpaka ukipitisha shavu huchomwi. Kila kitanda kina mwenyewe. Yuko Bonge. Wako pacha wa yule mama anayefunga vifungo vya mashati. Yuko binti tunayemwita Karani kwa kuwa hula karatasi. Na kuna kile cha dirishani, cha mtoto ambaye mama yake aliwahi kumzika mwingine kabla yake, kwa hiyo kila akimlaza hurudi mara mbili kumgusa kifua. Simharakishi.

Filamu inataka kimya. Wanaye mtu wa kazi hiyo, mwenye kipaza sauti, tukamwita Bwana Kimya. Siku ya kwanza watoto walikuwa wamelala wote, jambo adimu kuliko mvua ya kiangazi. Bwana Kimya akasimama chini ya dirisha langu, akainua kipaza sauti, akapiga ukelele: "Kimyaaa!" Ungesikia jibu alilopewa. Bonge ndiye aliyeanza, Meneja akatia nguvu, pacha wakaitikia kwa zamu. Bwana Kimya akaja mlangoni amekunja uso.

"Dada, hawa watoto wanatuharibia sauti."

"Nani kawaamsha?"

"Huwezi kuwaambia wanyamaze?"

"Waambie wewe. Chombo unacho."

Wakataka kutuhamishia nyumba ya wageni upande wa pili wa mji mpaka wamalize. Nikakataa, kwa sababu mama wa kiwandani hawezi kuvuka mji na mtoto mgongoni kisha awahi king'ora. Akichelewa, nafasi yake ina mwingine. Tukapatana hivi: watoto wakilala, natundika nepi nyeupe dirishani, nao wanapiga picha. Wakiamka, naitoa, nao wanangoja. Na ikawa hivyo kweli. Mashine zile kubwa, taa, magari, waigizaji waliopakwa vumbi la usoni, wote wamekaa ukingoni mwa barabara wakiitazama nepi. Fundi cherehani alisema inafanana na bendera ya kusalimu amri. Nikamjibu labda, lakini aliyesalimu si mimi.

Mpaka hapo, Mjomba, tulikuwa sawa. Kuta wamezipaka masizi, nimenyamaza. Mlango wameukwaruza, nimenyamaza. Dada yake Meneja alinikuta nakunja nguo chini ya maneno waliyochora ukutani, akayasoma silabi moja moja: "Ha-pa-ha-ku-na-m-tu." Akaniuliza, "Mama, sisi ni nani?" Hata hapo nilimwambia ni mchezo wa watu wazima, nikaendelea kukunja nguo.

Kisha mkubwa wao, mwanamke wa makamo mwenye sauti ndogo ambayo wote huinyamazia, alipita dirishani wakati watoto wamelala. Akasimama. Alitazama ndani muda mrefu, nikadhani anawapenda. Akaniita nje.

"Hivi vitanda vizuri sana," akasema. "Nani alivitengeneza?"

Nikamwambia.

"Nimetafuta chumba hiki tangu mwanzo. Baba anarudi, anafungua mlango, anakuta vitanda vya watoto vyote vitupu. Blanketi limesukumwa upande. Shimo la kichwa bado lipo kwenye mto. Siwezi kulitengeneza shimo lile."

"Jaribuni nyumba isiyo na watu," nikamwambia. "Zipo."

"Nimeziona. Nyumba isiyo na watu haionekani kama watu wametoka sasa hivi. Yako inaonekana."

"Kwa sababu hatujatoka."

Akaniangalia, akatabasamu kidogo kwa huzuni, akasema atazungumza na mwenye nyumba. Ndipo simu ilipokufikia wewe.

Sasa nisikilize. Najua utakayosema, nakujua tangu nikiwa mdogo. Utasema ni mbao tu. Sawa, basi na kaburi ni udongo tu, lakini hakuna anayelikalia. Utasema watapaka rangi ukuta wote wa mbele na kuziba bati linalovuja. Rangi tunaihitaji, siidharau, na bati nalijua kuliko wewe kwa sababu linanidondokea mimi. Utasema umewapa neno lako mbele ya mwenyekiti. Hilo ndilo gumu, maana neno lako ni zito na sote tulikua chini yake. Lakini ulitoa neno kuhusu chumba, Mjomba. Mashimo yale ya kwenye mito hayamo kwenye nyumba yako. Ni vichwa vya watoto wa watu.

Nikawauliza kina mama wenyewe, nisije nikawasemea. Mama wa Karani alisema, "Waache wapige, kitanda hakina mdomo." Mama wa pacha akasema hapana, kisha akasema labda, kisha akaapa hapana. Yule wa kitanda cha dirishani alikuwa anafunga kilemba. Alipomaliza akaniuliza, "Kwa hiyo mtu atafungua mlango huu, atakuta kile cha mwanangu kitupu, na watu watalia?" Nikamjibu ndivyo ilivyo. Akasema, "Mimi nilikwisha kufungua mlango huo." Akamchukua mwanawe akaenda. Sina la kuongeza juu ya hilo, na sidhani kama wewe unalo.

Na usinifanye nikukumbushe mama. Wewe ndiye uliyenisimulia jinsi dada yako alivyokuwa akinifungia ndani akienda zamu kiwanda hicho hicho, na kumwomba jirani asikilize ukutani. Wewe ulikuwa mvulana wa shule, ukikimbia kila mapumziko ya saa nne kuja kunichungulia kwenye tundu la ufunguo. Ulisema ulikuwa ukiniona umbo tu, hujui nimelala au la, mpaka nisogee. Mtu aliyewahi kungoja hivyo kwenye tundu la ufunguo, akakubali chumba cha watoto kionyeshwe kitupu kwa watu wasiotujua, mimi namwambia hukufikiri. Nakuheshimu na bado nasema hukufikiri.

Kwa hiyo kesho sifungi. Nimemwambia mwenyekiti, nimemwambia Bwana Kimya, nimekwenda mwenyewe nikamwambia yule mkubwa wao. Kina mama watakuja kama kawaida na nitawapokea kama kawaida. Tanuri la baba Meneja litamwachia mapema, ameomba. Nikamwambia sihitaji mlinzi. Akasema haji kulinda, anakuja kukaa.

Nimeiacha hapa barua, Meneja ameamka.

Naendelea Jumatatu, jioni.

Walikuja kulipopambazuka, lori na taa, mwenyekiti mbele akiwa amevaa koti kwenye joto lote lile. Mimi nilikuwa nafagia, baba Meneja amekaa ngazini. Kina mama walikuwa wameshafika, na sijui nani alimwambia nani, lakini mama wa Karani ndiye aliyekuwa wa kwanza, yule yule aliyesema kitanda hakina mdomo. Kila mmoja amemlaza wake. Kisha hakuna aliyetoka. Wamesimama kila mtu kando ya kitanda chake, mikoba mabegani, na kina mama wa kiwandani hawasimami kizembe kabla ya king'ora.

Mwenyekiti akasafisha koo. "Mama, mwenye nyumba ameruhusu."

"Ameruhusu nyumba," nikamwambia. "Hawa si wake."

"Utanifanya nionekane sina madaraka mtaani kwangu."

"Mwenyekiti, mtaa huu umeandika ukutani kwamba hapa hakuna mtu. Unamwongoza nani?"

Fundi cherehani aliyekuwa nyuma akacheka peke yake, kisha wengine. Yule mkubwa akampita mwenyekiti akaingia. Alivua viatu bila kuambiwa. Akaviangalia vitanda kimoja kimoja, na vyote vina mtu, na Bonge amechukua nafasi ya wawili. Mama wa pacha, ambaye jana hakuwa na uhakika wa neno lolote, akamwambia kwa sauti ya chini asiwaamshe, "Mkitaka vitupu, nitoleeni mmoja mmoja, na kila mmoja mnieleze mnampeleka wapi."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Yule mwanamke alisimama, Mjomba, nikaona anafikiri kweli, si kujifanya. Akageuka akawaambia watu wake warudishe taa kwenye lori. Mlangoni akanong'ona kwamba atamwambia seremala wao atengeneze vingine kama hivi. Nikamwambia atengeneze, vizuri vyovyote apendavyo, lakini asinilaumu, maana hivyo havitakuwa vimelaliwa na mtu. Akasema, "Najua." King'ora kikalia, kina mama wakakimbia, na yule wa kitanda cha dirishani alikimbia pamoja nao bila kurudi kumgusa mtoto kifua.

Sasa mwenye neno ni wewe. Nyumba ni yako, sijawahi kusema vingine. Ukiona nimekuvunjia heshima na hunitaki humu, usimtume mwenyekiti na usinikatie simu. Niandikie kwa mkono wako mwenyewe kwamba nitoke, nitatoka. Vitanda nitavibeba, na kesho yake alfajiri watoto watakuwa wameshanifuata huko nitakakokuwa. Lakini maadamu nimo, chumba hiki hakitafunguliwa mlango na mtu yeyote akakikuta kitupu saa za kazi, awe mwigizaji, awe mwenyekiti, uwe wewe.

Msalimie sana mkaza-mjomba, mwambie tangawizi aichemshe, asiitafune. Wasalimie watoto wote, na kitinda mimba kwa namna ya pekee. Mama mkubwa wa mlango wa nyuma anakusalimu, anasema bado unamkumbusha mvulana aliyeiba ufunguo wa tangi la maji. Baba Meneja anakusalimu kwa heshima, na anaongeza kwamba bati atalipanda mwenyewe Jumapili ijayo. Dada yake Meneja ameisoma barua hii begani kwangu mpaka neno "goti" akachoka.

Mungu akupe afya na akuondolee maumivu, akurudishe huku tukutane uso kwa uso, na siku hiyo ukifika usibishe hodi kwa nguvu, kuna wanaolala.

Ni mimi mpwa wako, akupendaye na asiyeondoka.